Chumvi Niliyoifunga Kamba

Kosa langu kubwa nililifanya nikiwa na miaka ishirini na sita, kwa udongo wa kichuguu na kamba ya katani, na kwa muda mrefu watu walinisifu kwalo. Niliwafundisha wanafunzi wa kemia kwamba elektroni ina mwenyewe. Niliwaambia kwamba sodiamu akimkabidhi klorini elektroni yake moja, wale wawili wamefungana, hao tu na si wengine, na kwamba ndani ya chembe ya chumvi wamesimama wawili wawili kama watu wanaopigwa picha ya harusi.

Nalitaja mapema kwa sababu nikilichelewesha nitatafuta njia ya kulikwepa. Najijua.

Nina miaka thelathini na sita na nimestaafu. Walimu walicheka siku bodi ya shule iliponipa barua, na mmoja akaniuliza kama wajukuu hawajambo. Lakini ndivyo barua ilivyosema: kustaafu kwa sababu za kiafya. Daktari alisikiliza kifua changu, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamweleza kwamba maabara yetu ina madirisha mawili na moja limekwama tangu kabla sijafika. Aliandika kwa muda, kisha akasema nisirudi tena kwenye chumba kile. Sasa nakaa nyumbani, karibu sana na shule, hapa Kongwa. Kengele ya kipindi ikilia nasimama. Nikishasimama nakumbuka sina pa kwenda, nakaa. Asubuhi ya leo nimesimama mara nne.

Haya nayaandika kwa fundi sanifu mpya wa maabara, ambaye ana cheti, na kwa yeyote atakayemfuata. Mimi cheti sikuwa nacho. Mtihani wa kidato cha nne nilipata F ya kemia, na nasema hivyo ili usije ukaisikia kwa mwingine. Kuhusu vyeo na mshahara sitaandika, kwa sababu havitoshi kujaza hata aya moja.

Niliajiriwa kufungua mlango, kufunga mlango na kuosha vyombo. Siku ya kwanza alinipokea Mwalimu Felista, mama mfupi wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Alikuwa anafundisha kemia ya shule nzima na baiolojia ya nusu ya shule. Alinikabidhi ufunguo, akanipeleka kwenye rafu ya nyuma. Palikuwa na chupa kumi na moja zisizo na lebo. Mende walikuwa wamekula gundi, na walipomaliza gundi walikula na karatasi.

Nilitaka aone kwamba mimi si mzembe. Nikafungua chupa ya kwanza, nikaingiza pua.

Ilikuwa amonia. Machozi yalinitoka hadi kwenye kola. Mwalimu Felista alisubiri bila haraka, mpaka nilipoweza kumwona tena.

"Sasa hiyo umeijua," akasema. "Zimebaki kumi. Pua unayo moja."

Kisha akanifundisha: chupa ishike mbali, mvuke uvute kwa kiganja kidogo kidogo, na lebo usiiandike kwa harufu wala kwa rangi. Pima kwanza. Andika unachojua, si unachodhani, na kama hujui andika hujui. Mwisho wa wiki ile tulikuwa na chupa saba zenye majina na nne zilizoandikwa HAIJULIKANI. Zile nne zilininyima raha. Nilikuwa nazigeuza lebo ziangalie ukutani, yeye anazigeuza tena ziangalie darasa, na hatukuwahi kulizungumza.

Kemia nilijifunza humo humo, mchana, baada ya kuosha. Nilinakili kitabu kizima cha kidato cha tatu kwa mkono, kamusi pembeni. Nikikosea neno moja nilichana ukurasa. Kitabu kile kilinimalizia madaftari tisa, na matano kati yake yaliishia kwenye pipa la taka. Sijivunii. Najaribu kueleza ni mtu wa aina gani aliyekuwa akishika ufunguo.

Kuna mambo ya mikono ambayo hayamo kwenye madaftari yangu yale, kwa hiyo nayaweka hapa. Bureti isuuze kwa kimiminika utakachokitumia, si kwa maji peke yake. Taa za spiriti zihesabu kabla wanafunzi hawajatoka, si baada. Chupa ya amonia na chupa ya asidi ya hidrokloriki zisikae rafu moja. Zikipumuliana utaona moshi mweupe, na moshi huo utakaa kwenye kifua chako muda mrefu kuliko unavyofikiri. Hili la mwisho nalisema kwa uhakika.

Wanafunzi wetu wengi nyumbani wanasema Kigogo. Shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, sekondari wanasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo atomu iliwafikia kwa lugha ya tatu. Saa za jioni, vipindi vikiisha, walikuwa wakija maabara nikiwa naosha, wananiuliza ile ya leo ilikuwa inasemaje. Walianza wawili, wakawa kumi. Waliniita mwalimu. Nilipaswa kuwasahihisha, kwa sababu nilikuwa mwosha vyombo, lakini sikuwasahihisha.

Nilitengeneza atomu kwa waya wa senyenge: mviringo mdogo ndani, mkubwa nje, katikati bonge la udongo kuwa kiini chenye protoni na neutroni, na punje za mtama nilizozigandisha kwenye waya kuwa elektroni. Sodiamu ilikuwa na punje mbili, nane, kisha moja pekee kwenye waya wa nje. Klorini mbili, nane, saba. Kijana mmoja aliuliza kama huo waya upo kweli huko ndani. Nikasema haupo, ni wa kuonyeshea tu. Akauliza sasa elektroni iko wapi hasa. Nikasema: mahali pa waya. Alinitazama, akaacha.

Bondi ndiyo iliyonipandisha kichwa. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye zizi moja. Anamkabidhi rafiki wa kijiji kingine mmoja au wawili. Rafiki anachunga, anakamua, anapata maziwa na samadi, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Kila mtoto darasani alikuwa na jambo kama hilo ukooni. Nikawaambia: sodiamu ana elektroni moja ya nje inayomsumbua, klorini anakosa moja. Sodiamu anamkabidhi klorini ng'ombe wake. Urafiki huo ndio bondi ya ioni. Na wale wanaochunga pamoja zizi moja, kama hidrojeni na oksijeni kwenye maji, hao ni bondi ya kushirikiana.

Walielewa hapo hapo. Ilikuwa furaha ambayo sijaipata tena. Mmoja akasema basi sodiamu ni tajiri. Mwingine akasema tajiri gani ana ng'ombe mmoja zizini.

Nikatengeneza chumvi. Nilichukua udongo wa kichuguu kwa sababu haupasuki ukikauka, nikafinyanga madonge sitini: thelathini madogo ya sodiamu, thelathini makubwa ya klorini. Nikayapaka rangi, yaliyochirizika nikayakwangua na kupaka upya. Kisha nikayafunga mawili mawili kwa kamba ya katani, fundo lile lile la kufungia ng'ombe. Nikayapanga dirishani, jozi thelathini. Mwalimu Felista alivua miwani, akaivaa, akayatazama.

"Yamependeza," akasema. "Yamependeza mno."

Nilidhani ni sifa.

Mwaka wa tatu wa kazi yangu alifanyiwa upasuaji wa goti, akaenda kupona kwa binti yake, Area D kule mjini Dodoma. Mkuu wa shule aliniita, akasema nishike kidato cha nne mkondo wa pili mpaka mwalimu apatikane. Alisema hivyo akitazama mlango. Baada ya wiki mbili akaniita tena: mzazi mmoja alikuwa amekuja kuuliza kwa nini mtoto wake anafundishwa na mwosha vyombo. Mkuu alinieleza bila ukali kwamba malalamiko mengine yakija, darasa atalihamishia mkondo wa kwanza, wakae tisini kwa mwalimu mmoja ambaye kemia si somo lake, na mimi nirudi kwenye ndoo yangu. Nilitoka ofisini nikiwa nimeamua kwamba hakuna mtu atakayenikuta na kosa.

Kulikuwa na msichana mmoja akiitwa Nyemo, mrefu, anakaa dirishani, anatoka kijiji cha wafugaji upande wa ranchi. Yeye akitaka kuuliza hakunyoosha mkono, alinyoosha kalamu. Siku hiyo nilikuwa nawaonyesha umeme ukipita kwenye chumvi. Nilikuwa na betri nne, balbu ya tochi, na vijiti vyeusi vya kaboni nilivyovitoa kwenye betri zilizokwisha. Kwenye chumvi kavu balbu haikuwaka. Nikamimina maji, nikakoroga, ikawaka. Nikaeleza: ndani ya maji ioni zimeachana, kila moja inatembea, ndiyo maana umeme unapita. Kalamu ikanyooka.

"Mwalimu, wameachana kabisa?"

"Kabisa."

"Sasa ng'ombe amebaki kwa nani?"

Darasa likacheka. Nikasema amebaki kwa klorini.

"Kwetu urafiki ukivunjika, mwenye ng'ombe anakuja kumchukua. Hata mwezi hauishi. Sasa sodiamu akimchukua wake si anarudi kuwa ile sodiamu ya kwenye mafuta ya taa? Mwalimu Felista alitia kipande kwenye maji, kikarukaruka na kuwaka. Mbona mboga zenye chumvi haziwaki?"

Wote walikuwa wananitazama kwa sababu nao sasa walitaka kujua.

Sikujua. Neno sijui lilikuwa mdomoni, nikamwona yule mzazi, nikamwona mkuu akitazama mlango, nikalimeza. Nikasema:

"Anarudishiwa, lakini polepole. Polepole sana. Ndiyo maana huoni moto."

Nyemo akaandika. Kisha akachukua rula, akapiga mstari chini yake.

Mchana wa kesho yake nilitafuta kwenye kila kitabu kilichokuwa maabara. Jibu nililipata kwenye kitabu cha kidato cha tano kisicho na jalada, ambacho nilikuwa nakitumia kuegemeza mlango wa kabati. Palikuwa na mchoro wa chumvi. Hapakuwa na jozi hata moja. Kulikuwa na mpangilio mmoja usio na mwisho: sodiamu moja imezungukwa na klorini sita, klorini moja imezungukwa na sodiamu sita, juu, chini, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Sodiamu ikishapoteza elektroni ina chaji chanya, klorini ikishapata ina chaji hasi, na chanya inavuta hasi zote zilizo karibu kwa nguvu sawa. Haichagui ile iliyochukua elektroni yake. Haina namna ya kuijua. Na ndani ya maji, molekuli za maji zenyewe zina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo. Zinaizunguka kila ioni na kuibeba. Elektroni inabaki ilipo. Hakuna anayerudi kuchukua kitu.

Niliisoma mara nyingi, nikakirudisha kitabu kwenye mlango wa kabati, nikakaa kimya siku kumi na moja.

Ninachotaka kueleza sasa ni kigumu zaidi. Siku ya kumi na mbili niliwapa jaribio la wiki, na swali moja lilikuwa la chumvi kwenye maji. Sijui kwa nini niliweka lile swali; labda nilitumaini watakuwa wamesahau. Karatasi ya Nyemo ilikuwa safi kuliko zote. Aliandika kwamba sodiamu hurudishiwa elektroni yake polepole sana. Nilikaa na kalamu nyekundu juu ya mstari ule. Kumwekea kosa kungenilazimu kueleza kwa nini. Mimi, niliyechana kurasa kwa sababu ya herufi moja, niliweka tiki. Chini yake nikaandika: Vizuri.

Jioni ya siku ile niliyorudisha karatasi nilikuwa nafagia nje ya darasa lao. Dirisha lilikuwa wazi. Nyemo alikuwa ubaoni, chaki mkononi, anawafundisha wenzake. Alikuwa anaeleza vizuri kuliko mimi. Alisema sodiamu anarudishiwa polepole, na akaendelea mwenyewe: ndiyo maana chumvi ikikaa sana kwenye kopo inalowa, ni sodiamu wameanza kurudishiwa, wanafanya kazi na maji ya hewani kimyakimya. Wenzake wakawa wanaandika. Uongo wangu ulikuwa umeshazaa, na mtoto alikuwa anaonekana ana afya.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Dodoma. Mwalimu Felista nilimkuta barazani kwa binti yake, mguu juu ya stuli, anachambua mchicha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamuuliza goti, nikaulizia wajukuu, nikasifu bustani. Aliniacha nizunguke.

"Baba," akasema, "umekuja kuniona mguu au umekuja kuungama?"

Nikasema yote mawili.

"Mguu umepona. Endelea."

Nikamweleza: kamba, ng'ombe, swali la Nyemo, neno polepole, ile tiki. Nilipofika kwenye tiki niliiruka, kisha nikarudi nikaisema. Yeye hakuacha kuchambua. Nilipomaliza alisukuma beseni kando.

"Zile jozi nilizijua siku ile ile ulipozipanga dirishani," akasema. "Nikasema moyoni, mwache amalize kufurahi, nitamwambia wiki ijayo. Na wiki ijayo nikawa na mitihani mia mbili ya kusahihisha. Hilo kosa ni langu, usilibebe. La kwako ni polepole na ile tiki."

Nilimuuliza nifanye nini, na nikamkumbusha habari ya mkuu na mzazi.

"Atakunyang'anya darasa," akasema. "Anaweza kabisa. Sasa wewe unataka darasa ulifanyie nini?"

Akaniambia nikiingia darasani nisiende na toba ndefu, kwa sababu watoto wale hawana haja na toba yangu, wana mtihani baada ya wiki tatu. Niwape jibu. Na nipite Majengo kabla ya kupanda basi, ninunue chumvi ya mawe, niipasue kwa mkono wangu, maana mimi ni mtu wa kuamini vitabu kupita kiasi.

Sokoni Majengo mama mmoja alikuwa na mafungu ya chumvi kando ya magunia ya mtama. Nikamwomba mawe makubwa makubwa, yasiyopondwa.

"Ya ng'ombe au ya watu?"

"Ya kutazama, mama."

Alinikagua kuanzia viatu. "Ya kutazama ni bei ile ile," akasema, akanifungia.

Nilipasua lile jiwe nyumbani Jumapili, kwa msumari na nyundo, juu ya kizingiti. Kila lilipopasuka lilitoa uso bapa na kona za mraba. Nikapasua kipande, kikatoa kona za mraba. Nikapasua kipande cha kipande. Nilikuwa nimelitazama jambo hili kwenye kijiko maisha yangu yote.

Jumatatu nilikwenda kwanza kwa mkuu, kwa sababu sikutaka alisikie dirishani kama mimi. Alinisikiliza, akasema nisubiri mpaka mtihani upite. Nikamwambia swali linaweza kutoka kwenye mtihani. Akasema nikiwaambia wanafunzi kwamba nimewafundisha visivyo, jioni ile ile wazazi watakuwa wamejua, na hatakuwa na njia ila kulihamisha darasa. Nikasema naelewa, mkuu. Nikatoka nikaingia darasani na boksi la chumvi yangu ya udongo.

Nisije nikaonekana shujaa: mkasi ulinikata kidole kabla haujagusa kamba. Nilisema tu kwamba jozi hizi si kweli, na kwamba lile jibu la polepole nililitunga kwa sababu nilikuwa sijui. Kisha nikaanza kukata kamba. Zilikuwa thelathini.

Kwenye ya kumi kalamu ya Nyemo ikanyooka.

"Na ile tiki yangu?"

"Naifuta."

"Na kosa la mwalimu, analifuta nani?"

Nyuma mtu akacheka kidogo, akanyamaza alipoona peke yake anacheka. Nikamwambia Nyemo sijui. Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililompa kwa wiki tatu, na halikuonekana kumfurahisha. Akaketi, akatazama nje.

Nikawaita mbele na udongo mbichi wa kugandishia. Tukajenga chumvi upya: kila donge dogo jirani zake makubwa, kila kubwa jirani zake madogo, tatu kwa tatu kwa tatu, sodiamu ikiwa katikati. Walipomaliza nikawaambia wahesabu. Sodiamu kumi na tatu. Klorini kumi na nne.

"Hii moja mwenzake yuko wapi?" akauliza kijana mmoja. "Hii haijaolewa."

Sasa wakacheka wote, na hapo Nyemo akageuka. Alikuja mbele bila kuitwa. Alianza kuhesabu upya, mwenyewe, kwa kidole. Nikasema chumvi haiishii hapo, tungekuwa na udongo wa kutosha tungeendelea hadi Mpwapwa, na huko nje zingelingana. Hakunisikiliza. Alikuwa ametoa donge la juu ili alione la katikati.

"Hii imezungukwa na sita," akasema. "Ilimpa yupi?"

"Haijulikani."

"Yenyewe haijui?"

"Haijui. Inavutwa na zote sita sawasawa."

Akarudisha donge la juu taratibu. Kipindi kikaisha, wenzake wakatoka, yeye akabaki akijifuta udongo kwenye vidole. Akanieleza kwamba mwaka uliopita, kiangazi, aliyewakabidhi ng'ombe alikuja kumchukua. Hakuwa amefanya ubaya, alikuwa wake. Ila ndiye ng'ombe pekee aliyekuwa akitoa maziwa, na nyumbani kulikuwa na mtoto mdogo.

"Nilitaka kujua kama kuna mahali ukishapewa hawarudi," akasema.

"Kwenye chumvi hawarudi," nikamjibu. Halafu, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikaongeza kwamba isipokuwa mtu aiyeyushe kwa moto mkali na kupitisha umeme ndani yake.

"Hiyo sijauliza, mwalimu," akasema, akachukua daftari lake. Mlangoni alisimama, akalifungua, akafuta kitu kwa rula na kalamu, mstari mmoja, umenyooka.

Mkuu alitimiza alichosema. Jumatano mkondo wa pili ulihamia wa kwanza, nikarudi kuosha vyombo. Mzazi hakuna aliyekuja. Mtihani ulipita, karatasi za majibu hatuzioni, kwa hiyo sijui kama swali la chumvi lilitoka wala Nyemo aliandika nini. Najua kwamba alifaulu kwenda kidato cha tano mkoa mwingine, na kwamba siku ya kuondoka alipita maabara kuaga, akaigusa ile chumvi ya udongo dirishani, akasema imeanza kupasuka upande wa chini. Ilikuwa kweli. Niliiziba.

Mwalimu Felista alirudi muhula uliofuata, akaniombea kwa mkuu nirudishiwe wanafunzi wa jioni. Alistaafu kabla yangu, kwa umri, kama watu wa kawaida. Darasa la mchana sikupewa tena, na sikuomba.

Kilichobadilika tangu wakati ule ni hiki. Zile chupa za HAIJULIKANI niliacha kuzigeuza. Kona ya kushoto ya ubao wa maabara niliichorea mstari. Mwanafunzi akiuliza nisichokijua nasema sijui, naliandika swali lake pale na jina lake, na silifuti mpaka nimpe jibu nililolihakiki. Kazi hiyo iliniponya kuchana kurasa, ingawa si kabisa. Nilipofunga mlango kwa mara ya mwisho kulikuwa na maswali matatu kwenye kona ile. La zamani kuliko yote ni la yule kijana wa waya: elektroni iko wapi hasa. Nimelisomea kwa miaka na bado silijibu vizuri. Tafadhali usilifute.